Eda ya Pete Mbili

Kulikuwa na nchi moja, msiniulize iko wapi maana wenyewe hawapendi kutajwa, ambayo haikuwa na wizara ya afya. Ilikuwa na Wizara ya Hamu na Tiba. Wakubwa wa nchi ile walikwisha kaa wakatafakari, chai na sambusa mezani, wakaona afya ni jambo la mwisho kabisa. Kwanza lazima wataalamu wawe na hamu ya kuitafuta dawa. Basi kilichopimwa nchini kikawa hamu. Wagonjwa hawakupimwa sana, kwa sababu walikuwa wengi na wanachosha.

Nyuma ya wizara hiyo, kwenye Taasisi ya Taifa ya Dawa, alifanya kazi Dakta Sikudhani, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na minne, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa huruma. Kazi yake ilikuwa kujenga molekuli. Aliyemuuliza maana yake alijibiwa kwa mfano wa nyumba ya udongo: kwanza unasimamisha kiunzi cha miti na fito, kisha unakandika, unaacha dirisha hapa, unaweka mlango pale. Juu ya kiunzi cha namna moja unaweza kukandika nyumba mia zisizofanana, na huenda moja tu kati ya hizo mia ikakalika. Dawa nazo ni vivyo hivyo. Kiunzi cha Sikudhani kilikuwa na pete mbili zilizoshikana ubavu kwa ubavu na mkia mfupi, na watu walikiita Pete Mbili.

Alikuwa amekaa nacho miaka kumi na moja, akakandika juu yake molekuli arobaini na saba. Ya tano iliwafanya panya wakojoe buluu. Ya kumi na tisa iliwanyonyoa manyoya yote wakabaki wanaoneana haya. Lakini ya arobaini na saba iliwasimamisha panya wagonjwa kwa muda wa kutosha kunywa maji, kisha wakaanguka tena. Siku hiyo Sikudhani alilia kwa furaha, kwa kuwa alijua sasa amekaribia.

"Wenzio wameolewa na watu," mjomba wake alimtania, "wewe umeolewa na chupa."

Mjomba huyo, Mzee Machano, ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, na alimsomesha kwa brashi ya rangi. Alikuwa Mchoraji wa Mstari wa Hamu.

Hapo inabidi nieleze. Nje ya wizara kulikuwa na ukuta mweupe wa kimo cha ghorofa mbili, na juu yake kila kiunzi kilikuwa na mstari wake wa rangi. Kila Ijumaa ofisi ya takwimu ilihesabu kila kiunzi kimetajwa mara ngapi wiki ile, katika makala, hotuba, semina na salamu za redioni. Aliyekitukana kiunzi naye alihesabiwa kuwa amekitaja. Namba zikaandikwa kwenye karatasi, Mzee Machano akapanda ngazi na kuuvuta mstari juu au chini. Karatasi ilitupwa, maana serikali iliamini kwamba karatasi huweza kughushiwa lakini ukuta haudanganyi. Mstari ukipanda, wataalamu wa kiunzi hicho waliongezewa panya. Ukishuka, walinyang'anywa.

Na kila Januari Waziri alitangaza Kiunzi cha Mwaka. Kitenge kilichapishwa chenye umbo lake, na wataalamu wote wakashona sare kama watu wa harusi moja. Asiye na sare hakuingia kikaoni, na asiyeingia kikaoni hakupewa panya. Pete Mbili kiliwahi kuvishwa taji hilo miaka tisa nyuma. Watu walishona hadi mapazia, na mapacha waliozaliwa mwaka ule waliitwa Pete na Mbili.

Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwaka huo tunaousimulia, Waziri alikwenda kwenye mkutano nchi za mbali, akaonyeshwa picha ya kiunzi chenye vyumba vyumba kama kikapu, akasema, "Kinapendeza." Hakusema zaidi, na haikuhitajika. Jina lake lilikuwa Mheshimiwa Kilungi. Vyuo viwili vilikuwa vimemtunuku shahada ya heshima, kwa hiyo alipenda aitwe Dakta Dakta.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alinguruma siku ya kutangaza. "Kikapu ndicho kiunzi cha vizazi vyetu na vizazi vya vizazi vyetu! Tutakijaza dawa, tutakibeba kichwani, na mataifa yatatuuliza, mmenunua wapi?"

Ilipofika saa sita mchana Dakta Perusi, shoga yake Sikudhani na jirani yake wa meza kwa miaka minane, alikuwa ameshavaa gauni la kitenge cha Kikapu. Bado lilinukia duka.

"Perusi, na wewe?"

"Nifanyeje, Siku? Nina panya arobaini wa kulisha. Njoo nikukatie, nimebakiza mita mbili."

"Sina hamu."

"Hee! Neno hilo usilitamke kwa sauti humu ndani."

Sikudhani alirudi kwenye chupa zake. Usiache mbachao kwa msala upitao, alijisemea, na akaanza kuitengeneza ya arobaini na nane.

Wakati huo nchi ilikuwa inaugua homa ya magoti. Ni homa mbaya. Magoti yanavimba, yanakunjika, mtu hawezi kusimama tena. Kisha inapanda kiunoni, inapanda mbavuni, na ikifika kifuani basi tena. Safari yote hiyo huchukua miezi sita. Ajabu ni kwamba serikali haikuwa na habari. Waziri alipotembelea wilaya aliwakuta wananchi wamepiga magoti kando ya barabara maili kwa maili, akatokwa na machozi, akasema redioni kwamba tangu azaliwe hajaona watu wenye heshima kama wale. Wilaya iliyougua zaidi ilipewa ngao.

Homa hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafutia dawa Sikudhani, na mwezi wa tatu ilimpata Mjomba Machano. Pale wizarani hakuna aliyeshtuka. Mbele ya wakubwa kila mtu alikuwa akikunja goti, na mchoraji anayetembea kwa magoti kutwa nzima alionekana mwenye adabu kupita kiasi. Walimpa cheti.

Basi ikaja Ijumaa. Mzee Machano akakokota ndoo ya rangi hadi ukutani, akaitazama ngazi, akaachana nayo. Mstari wa Pete Mbili ulikuwa juu karibu na paa, na karatasi ilisema ubaki huko huko. Mkono wa mtu aliyepiga magoti hauendi paani. Akauendeleza pale mkono wake ulipofika. Mstari wa Kikapu, kwa kuwa kilikuwa kipya, ulikuwa bado chini karibu na ardhi, na huo aliuvuta kuupandisha hadi usawa ule ule wa mkono wake. Kwa aliyesimama mbali, Kikapu kilikuwa kinapaa, na Pete Mbili kilikuwa kimeporomoka kutoka mbinguni.

"Nimewaambia, mwanangu," alimwambia Sikudhani jioni ile. "Nimewaambia namba siyo hii, mimi ndiye nisiyefika. Wakaniambia, mzee, usigombane na ukuta. Nimekuua kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hukuniua, Mjomba. Nyanyua mguu huo niukande."

Alimkanda magoti kwa maji ya moto. Alikuwa amehesabu. Homa ilikuwa imebakiza miezi mitano kumfikia mjomba wake kifuani, na kazi yake ilihitaji minne ikiwa hakuna atakayemwingilia.

Aliingiliwa Jumanne iliyofuata.

Katika nchi ile serikali haikufuta kitu. Kufuta ni kukubali kwamba ulikosea kuanzisha. Vitu vilifariki tu, kwa mapenzi ya Mungu, na vikazikwa kwa heshima zote. Tanzia ikasomwa redioni baada ya taarifa ya habari: Wizara inasikitika kutangaza kifo cha kiunzi Pete Mbili, kilichotokea ukutani Ijumaa baada ya kushukiwa na hamu ghafla. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na wataalamu popote walipo.

Turubai likafungwa. Pilau ikapikwa. Jeneza lilijazwa makala na vielelezo vya mbao vya molekuli zote arobaini na saba, likabebwa na wakurugenzi sita waliokuwa wakibadilishana mabega kila lilipotokea gari la runinga. Aliyelia kuliko wote ni Dakta Perusi, katika gauni lake la Kikapu, hadi akashikwa na akina mama wawili na kupepewa.

Waziri akashika kipaza sauti. Hotuba yake ilikuwa na kurasa ishirini na mbili, lakini mtu akisikia vilio hutamani kuongeza yake.

"La kuvunda halina ubani," alisema, "lakini serikali yenu sikivu imekuja na ubani! Marehemu alikuwa mpole. Marehemu hakuwa na makuu, pete zake zilikuwa mbili tu. Na sasa, ndugu waombolezaji, tumtazame kwa huruma mama yule pale. Huyu ndiye mjane! Mimi, Dakta Dakta Kilungi, namtambua rasmi Dakta Sikudhani kuwa mjane halali wa marehemu, aliyeishi naye miaka kumi na moja katika ndoa njema!"

Watu wakapiga makofi, kisha wakakumbuka ni msibani wakaacha.

Sikudhani alikuwa analia kwelikweli mpaka dakika hiyo. Aliposikia neno mjane, machozi yalimkauka. Kesho yake asubuhi na mapema alinunua Gazeti la Serikali, ambalo huchapa kila hotuba ya Waziri, na ambalo kila kilichochapwa ndani yake kina nguvu ya sheria. Alilisoma amesimama barabarani. Kisha alipitia dukani akanunua kitambaa cheupe, doti nzima.

Mwanasheria wa wizara alipofika maabara na kufuli mkononi, alimkuta Sikudhani amekaa kwenye mkeka katikati ya chupa, amejifunika nguo nyeupe gubigubi. Mjomba Machano alikuwa pembeni, akimenya chungwa.

"Dakta, tumekuja kuchukua vifaa."

"Karibuni. Ila mimi niko eda."

"Uko wapi?"

"Eda. Nimefiwa na mume. Imo gazetini, ukurasa wa nne."

Mwanasheria akausoma ukurasa wa nne. Akausoma tena. Nchi ile ilikuwa na Sheria ya Wafiwa, iliyowahusu raia wote wa dini zote na wasio na dini, na aliyeitunga ni Waziri Kilungi mwenyewe, kwa ghadhabu, baada ya wakwe kumnyang'anya dada yake masufuria siku ya pili ya msiba. Ilisema mjane asitolewe nyumbani kwa marehemu, asichukuliwe kitu cha marehemu hata kijiko, asiitwe popote wala kupelekewa barua, mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Na ndugu yake mmoja aruhusiwe kukaa naye amfariji.

"Lakini hii ni maabara," mwanasheria alisema kinyonge.

"Ndiyo nyumba ya marehemu. Alikuwa akiishi wapi kwingine?"

"Na hawa panya mia mbili?"

"Mali ya marehemu."

"Dakta, Mheshimiwa alisema vile kwa kupamba maneno tu."

"Basi nenda kamwambie Mheshimiwa atangaze redioni kwamba alikuwa anapamba maneno tu," alisema Mjomba Machano, akampa kipande cha chungwa. Mwanasheria alikula chungwa lake, akatoka, akafunga mlango taratibu kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

Na hapa nawaambia siri ambayo mataifa makubwa hayajaigundua. Mwaka uliotangulia Sikudhani alikuwa amehudhuria vikao, warsha na semina kwa siku mia mbili na kumi na moja, nyingi zikihusu namna ya kupata muda wa kufanya kazi. Sasa kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakuna aliyemwita. Wafanyakazi walipita mlangoni kwa kunyata. Wengine waliacha vyakula kizingitini, na mara mbili Perusi aliacha bakuli la maharage ya nazi lisilo na jina, lakini mkono wake Sikudhani aliujua.

Ya arobaini na nane ilishindwa. Ya hamsini ilishindwa. Homa ya Mjomba ikapita kiunoni, ikaingia mbavuni. Kila asubuhi Sikudhani aliipima kwa futi ya fundi cherehani, na kila asubuhi alitamani kuitupa futi ile dirishani. Mzee naye hakukosa Ijumaa. Alijikokota hadi ukutani, akachora anapofika, akarudi.

Siku ya sabini alikuwa akimfunga magoti kwa kitenge kikuukuu cha Pete Mbili, kile cha miaka tisa nyuma. Akautazama mchoro. Pete mbili, na mkia kwenye pete ya kushoto. Molekuli zake zote tangu mwaka ule zilikuwa na mkia pale. Na za Perusi, na za kila mtu.

"Mjomba," alisema polepole, "nani alisema mkia ukae kushoto?"

"Mimi najua? Fundi wa vitenge alisema kulia unagongana na pindo."

Sikudhani alikaa chini. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, kisha akakasirika mpaka akavunja chupa. Nchi nzima, madaktari kwa maprofesa, miaka tisa walikuwa wakimfuata fundi wa vitenge. Akainuka, akauhamishia mkia kulia.

Ya hamsini na tatu ilipowekwa kwenye maji ya panya, walisimama, wakanywa, wakaendelea kusimama. Siku ya nne walitoboa sanduku wakatoroka. Homa ya Mjomba wakati huo ilikuwa imebakiza vidole viwili kufika kifuani, na pumzi yake ilikuwa ya kuokoteza.

"Nipe," alisema.

"Haijajaribiwa kwa mtu."

"Mimi ni nani?"

"Nikikuua je, Mjomba?"

"Utakaa matanga mengine. Umeshazoea. Nipe, mwanangu, rangi inakauka kwenye ndoo."

Akampa. Siku nane hakula wala hakulala vizuri. Siku ya tisa aliamka akamkuta mzee dirishani, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, amesimama wima, anatazama nje kwa hamu ambayo hakuna ofisi ingeweza kuihesabu. Sikudhani alimkumbatia miguu, akalia kwa sauti, na waliopita nje wakasikitika kwamba mjane bado hajamsahau mumewe.

Eda ilipoisha, mwanasheria alirudi na kufuli. Sikudhani alimpokea mlangoni, ameoga, amejifukiza udi, ameshika chupa ndogo ya kioo.

"Marehemu ameacha mtoto," alisema.

Mwanasheria alitoa leso akajifuta uso. Alikuwa ameshajifunza kuiogopa sheria ile. Mtoto anayezaliwa katika eda ni wa marehemu, hawezi kunyimwa urithi, na marehemu mwenyewe hafufuliwi, kwa maana serikali ilishamzika na serikali haikosei. Kwa hiyo hapakuwa na dawa ya Pete Mbili. Palikuwa na yatima, na yatima ni wa taifa. Waziri alipoelezwa hivyo alifurahi mno, akajitolea kumpa mtoto jina. Akamwita Kilungini.

Kilungini ikagawiwa wilayani. Na Ijumaa ya kumsherehekea yatima uwanja mzima mbele ya ukuta ulijaa watu wa wilaya ile yenye ngao, walioletwa makusudi wapige magoti. Walisimama tu. Waziri aliwatazama, akamnong'oneza msaidizi, msaidizi akanong'ona, "Wamepona, Dakta Dakta." Waziri hakuonekana kufurahi sana.

Hapo ndipo Mzee Machano, kwa mara ya kwanza tangu apone, alipopita katikati ya watu na ndoo yake, akatembea mpaka kwenye ngazi, akapanda. Akauvuta mstari wa Pete Mbili kutoka chini ulikokuwa umelala, juu, juu, hadi paani.

"Mzee!" Waziri aliita kwa kipaza sauti. "Hamu hii imepandaje ghafla namna hiyo?"

"Haijapanda, mwanangu," mzee alijibu kutoka juu, na uwanja mzima ulisikia. "Haikuwahi kushuka. Nilikuwa nimepiga magoti, nanyi mkazika."

Wakurugenzi wakamgeukia Waziri. Halafu Waziri akacheka kicheko kikubwa, wakurugenzi wakacheka, na papo hapo ikaundwa kamati, na kamati ikatoa taarifa kabla ya chakula: uchunguzi umebaini kwamba tatizo lilikuwa ngazi. Serikali itanunua ngazi ndefu zaidi.

Jioni hiyo hiyo madukani kulipiganiwa kitenge cha Mtoto wa Marehemu. Wataalamu walijitokeza mia tatu, kila mmoja akikumbuka alivyokuwa karibu na familia. Perusi peke yake alikuwa amesimama kando ya ukuta katika gauni lake la Kikapu, lililokwisha pauka. Juu yake mstari wa Kikapu, uliochorwa sasa na mtu anayesimama, ulikuwa umeanza kuteremka, kwa kuwa wiki nzima hakuna aliyekitaja.

"Namba kumi na mbili inawatuliza panya kikohozi," alimwambia Sikudhani bila kumtazama. "Kile cha watoto, Siku. Nilikuwa nataka nusu mwaka tu."

"Mazishi lini?"

"Jumatano."

Sikudhani alifungua mkoba wake. Akatoa kitambaa cheupe, kimefuliwa na kupigwa pasi, akamwekea shoga yake mikononi.

"Kaa mstari wa mbele," alimwambia. "Lia sana, mpaka Dakta Dakta mwenyewe akuite mjane."